Breki Iliyotoka kwenye Rafu: Uchambuzi wa Kisa cha Agizo la Lazima la Usalama, Manda na Malindi

Madhumuni na mipaka

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya mafundi wa ndege, wapangaji wa matengenezo, watunza ghala za vipuri, na vijana walio vyuoni wanaojiandaa kufanya mitihani ya leseni. Jina la kampuni, aina ya ndege, namba ya usajili, mwaka na majina ya watu vimeondolewa, na tarakimu za agizo lenyewe zimebadilishwa zisitambulike, ingawa uwiano wake umehifadhiwa. Mahali nimepaacha palipo, kwa sababu asiyeujua uwanja wa Manda, ulioko kisiwani mkabala wa mji wa Lamu, wala uwanja wa Malindi na njia yake ya kurukia yenye takriban mita 1,400, hataelewa kwa nini maamuzi ya siku hiyo yalikuwa mazito. Nilishiriki katika mapitio yaliyofanywa baada ya tukio. Siku yenyewe sikuwapo, na ninayoyasimulia nimeyatoa katika maelezo ya waliokuwapo na katika kumbukumbu za ndege.

Usuli: agizo la lazima

Kiwanda kilichotengeneza ndege au breki kikigundua kasoro, hutoa waraka unaoeleza namna ya kuikagua na kuirekebisha. Waraka huo peke yake ni ushauri, hata ukiandikwa kwa maneno makali. Unageuka kuwa sheria pale mamlaka ya nchi iliyobuni ndege inapotoa agizo la ustahiki wa kuruka, linalosema kwamba kasoro hiyo ni hatari na kwamba marekebisho lazima yafanywe ndani ya muda uliotajwa. Kwa ndege zilizobuniwa Kanada, agizo hutoka kwa mamlaka ya Kanada. Kwa zile za ushirikiano wa Ufaransa na Italia, hutoka kwa wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya. Kwa zile za Marekani, hutolewa chini ya sehemu ya 39 ya kanuni zao za anga. Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga wa kiraia, kinaitaka nchi iliyobuni ndege izifikishie taarifa hizo nchi ambamo ndege zimesajiliwa, na nchi iliyosajili ihakikishe kwamba zimetekelezwa. Kwetu Kenya jukumu hilo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Ndege iliyopitisha muda wa agizo haistahiki kuruka, hata kama injini zake zinanguruma vizuri na rubani haoni kasoro yoyote.

Msomaji mgeni anaweza kudhani kwamba breki ni jambo dogo katika chombo kinachoishi angani. Ndege ya tani 20 inayogusa ardhi kwa kasi ya noti 100, yaani kilomita 185 hivi kwa saa, imebeba nishati ya mwendo ya megajuli 26 hivi, ambayo inatosha kuchemsha madebe manne ya maji yaliyochotwa kisimani. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na mapangaboi yanaporudishwa nyuma. Inayobaki huingia katika breki kama joto, kwa muda usiofika nusu dakika. Aidha nishati hupanda kwa mraba wa kasi, kiasi kwamba ndege ikitua kwa noti 110 badala ya 100, mzigo wa breki huongezeka kwa asilimia 21, ilhali tofauti ya kasi ni asilimia 10 tu.

Historia ya maagizo ya breki ina siku moja ambayo kila fundi anapaswa kuijua. Tarehe 21 Mei 1988, katika uwanja wa Dallas/Fort Worth, Marekani, ndege ya aina ya DC-10 ilikatisha kuruka ikiwa katika kasi kubwa. Kati ya breki zake 10, 8 zilishindwa, na ndege ikapita mwisho wa njia. Breki hizo zilikuwa zimelika, lakini zilikuwa bado ndani ya kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, kwa kuwa majaribio ya kuidhinisha ndege yalikuwa yakifanywa kwa breki mpya. Kutokana na tukio hilo yalitolewa maagizo ya lazima yaliyoweka mipaka mipya ya kulika kwa breki za ndege nyingi za abiria, na kufikia 1998 kanuni za Marekani zikataka umbali wa kusimama wa ndege mpya uthibitishwe kwa breki zilizolika hadi mwisho wa kiwango chake. Kwa hiyo fundi akisoma agizo la breki na kuliona la usumbufu, akumbuke kwamba breki inaweza kupita kila kipimo cha siku ya kawaida na bado ishindwe siku moja inapohitajika kuliko siku zote.

Agizo lililohusika

Ndege ya kisa hiki ni ya abiria, ya injini mbili na mapangaboi, yenye magurudumu manne ya nyuma, mawili kila upande, na kila gurudumu lina breki yake, zikihesabiwa namba 1 hadi 4 kutoka kushoto kwenda kulia. Agizo lilihusu mwili wa breki, yaani kile kipande cha aloi ambacho ndani yake pistoni husukumwa na mafuta ya haidroliki ili kuzibana sahani za breki. Ilionekana kwamba baadhi ya miili hiyo, yenye namba za mfululizo zilizoorodheshwa, hupata ufa karibu na njia ya mafuta. Ufa ukikua, mafuta hutoka, na breki yenye joto kali ikimwagiwa mafuta inaweza kuwaka moto. Hata isipowaka, gurudumu hilo linabaki bila breki.

Agizo lilikuwa na aya nne za utekelezaji. Aya ya kwanza ilitaka kila breki iliyoorodheshwa ikaguliwe kwa rangi ya kupenya, yaani rangi inayoingia kwenye nyufa ndogo na kuzifichua, kabla ndege haijatua mara 600 tangu siku agizo lilipoanza kutumika. Ya pili ilitaka ukaguzi urudiwe kila baada ya kutua mara 600. Ya tatu ilitaka miili yote iliyoorodheshwa ibadilishwe kwa mipya iliyoboreshwa ndani ya miezi 24, na hapo ukaguzi wa kurudia ungekoma. Ya nne ilikuwa na sentensi moja tu: tangu siku agizo lilipoanza kutumika, breki iliyoorodheshwa isifungwe kwenye ndege yoyote isipokuwa imekaguliwa kwanza kwa mujibu wa agizo hilo.

Aya kama hiyo ya nne hukaa mwishoni mwa maagizo mengi na husomwa kuliko zote kwa haraka, kwa kuwa haitaki kazi yoyote ifanywe siku hiyo. Inaweka katazo tu, na katazo halina kadi ya kazi.

Jinsi agizo lilivyopokelewa

Kampuni ililipokea agizo kwa wakati. Hilo nalisema mapema kwa sababu dhana ya kwanza ya wengi ilikuwa kwamba karatasi ilipotea, na haikupotea. Mpangaji wa matengenezo alitoa kadi ya kazi, fundi akasoma namba za breki zote nne za ndege hiyo, na ikaonekana kwamba breki namba 1 imo katika orodha na tatu zilizobaki hazimo. Breki namba 1 ilikaguliwa, haikuwa na ufa, ikarudishwa. Kwenye kadi, nafasi namba 2, 3 na 4 ziliandikwa kwamba agizo halizihusu, na katika jedwali la kampuni ndege nzima ikaandikiwa kuwa imetekeleza.

Mambo mawili yalitokea hapo bila mtu kuyaona. Kwanza, ukaguzi wa kurudia wa breki namba 1 uliingizwa kwenye jedwali kama 600, lakini katika safu ya saa za kuruka, kwa sababu karibu kazi zote nyingine za ndege hiyo zilihesabiwa kwa saa. Pili, hakuna aliyekwenda ghalani. Huko kwenye rafu kulikuwa na breki tatu za akiba, zote zikiwa na vyeti halali vya kuruhusiwa kutumika, na vyeti vyote vilitolewa miezi kadhaa kabla ya agizo kuandikwa.

Baadaye breki namba 3 ililika hadi kipini chake cha kipimo kikawa sawasawa na uso wa kifuniko, ambayo ndiyo alama ya kuibadilisha. Usiku, jijini Nairobi, fundi wa zamu alichukua breki moja kutoka ghalani. Alikagua namba ya kipuri, akakagua cheti, akakagua muda wa kuhifadhiwa, akaifunga, akaijaribu na kutia sahihi. Kwa utaratibu aliopewa, hakukosea hata hatua moja. Breki hiyo ilikuwa katika orodha ya agizo.

Asubuhi ya tukio

Ilikuwa msimu wa kaskazi, safari za pwani zikiwa zimejaa. Ndege ilitoka Nairobi na kutua Manda, ambako ilitarajiwa kuchukua abiria, ipitie Malindi kuchukua wengine, kisha irudi Nairobi. Kutua kulikuwa kwa kawaida. Rubani hakuhisi chochote kwenye pedali, na kioo cha kipimo cha mafuta ya haidroliki kilionyesha upungufu mdogo ambao haukufikia kiwango cha onyo.

Mtu wa kwanza kuona kasoro alikuwa mpakiaji wa mizigo, mtu mzima aliyefanya kazi uwanjani hapo miaka mingi. Alipokuwa akisogeza mkokoteni aliona matone ya rangi ya zambarau chini ya gurudumu la ndani la upande wa kulia. Hakuyagusa. Alimwendea fundi aliyefuatana na ndege, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, akamwambia: “Mwanangu, gurudumu lile latokwa na mafuta, na mvua hatujaiona mwezi mzima.” Fundi akamjibu: “Ahsante, Ami. Naomba usimwache mtu alikaribie mpaka nirudi.” Alichukua tochi na kulikaribia gurudumu kutoka mbele, asisimame ubavuni mwake, kwa kuwa rimu yenye joto ikipasuka vipande vyake huruka kuelekea pembeni.

Mafuta yalikuwa yakitoka kwenye mwili wa breki namba 3. Hayakutoka kwenye bomba wala kwenye kiungo cha bomba, ambako mtu angeweza kukaza nati na kuendelea na safari. Moto haukuwapo. Fundi alisubiri breki ipoe, akamweleza kepteni alichokiona, na kepteni akampa jibu ambalo katika mapitio tulilirudia mara kadhaa: “Fundi, mimi sikupi haraka. Wewe tazama kazi yako, abiria nitawaeleza mwenyewe.”

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza uliopendekezwa ulitoka kituo cha uendeshaji cha Nairobi kwa njia ya simu, nao haukuwa wa kipumbavu. Kila ndege ya abiria ina orodha iliyoidhinishwa ya upungufu unaoruhusiwa, inayoeleza ni kifaa gani kinaweza kukosa kufanya kazi kwa muda na kwa masharti gani. Orodha ya ndege hii iliruhusu breki moja izibwe mstari wake wa mafuta na ndege iruke na breki tatu, mradi umbali wa kusimama uhesabiwe upya na uzito upunguzwe. Kituo kilipendekeza breki izibwe, Malindi ipitwe bila kutua kwa kuwa njia yake ni fupi, na ndege irudi Nairobi moja kwa moja ikiwa na abiria wachache.

Fundi alianza kufuata njia hiyo. Fomu ya kuziba breki ilitaka namba ya mfululizo ya breki husika. Kibao cha namba kilikuwa kimefunikwa na vumbi la breki lililoshikana na chumvi ya bahari, akakipangusa kwa kitambaa hadi tarakimu zikaonekana, na alipoziandika akakumbuka kwamba alikwisha kuona agizo kuhusu breki za kampuni hiyo. Hakuikumbuka orodha. Alipiga simu ofisi ya kumbukumbu na kuomba asomewe namba moja baada ya nyingine. Namba aliyoiandika ilikuwamo.

Hapo swali lilibadilika. Orodha ya upungufu unaoruhusiwa haiwezi kutumika kukwepa agizo la lazima. Kuiziba breki kungezuia mafuta kutoka, lakini breki iliyokatazwa ingebaki imefungwa kwenye ndege, na ndege ingebaki bila ustahiki wa kuruka. Fundi alimweleza hivyo kepteni, na kepteni akakiambia kituo kwamba ndege haitaondoka.

Njia ya pili ilikuwa kuomba KCAA kibali maalumu cha kuirusha ndege bila abiria hadi karakana. Ni njia halali, na katika hali nyingine ningeipendelea. Fundi aliikataa kwa hoja iliyoonyesha akili pevu kuliko umri wake. Alisema: ikiwa breki moja imeingia bila kuonekana, nina uthibitisho gani juu ya zile tatu? Aliomba muda akasoma vibao vya magurudumu yote. Namba 2 na 4 hazikuwa katika orodha. Namba 1 ilikuwamo, naye akaomba tarehe ya ukaguzi wake wa mwisho na idadi ya mara ambazo ndege imetua tangu siku hiyo. Ofisi ya kumbukumbu ilimjibu kwamba zimetumika saa 567 na bado zimebaki 33. Akasema hakuuliza saa. Baada ya dakika kama ishirini jibu likaja: tangu ukaguzi, ndege imetua mara 680.

Kwa hiyo ndege ilikuwa nje ya agizo kwa njia mbili zisizohusiana, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto, na ya pili isingejulikana siku ile kama fundi angeishia kwenye gurudumu lililokuwa likivuja. Uamuzi wa mwisho ulikuwa kuiacha ndege Manda, kuleta breki mbili zisizo katika orodha kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, pamoja na jeki na fundi wa pili, na kuzibadilisha zote mbili hapo hapo.

Matokeo

Abiria walirudishwa ng’ambo ya Lamu kwa boti. Wengine walipata nafasi kwenye ndege za kampuni nyingine jioni, na wengine walilala mjini kwa gharama ya kampuni. Waliokuwa wakisubiri Malindi walipelekwa Mombasa kwa basi. Kazi ilikamilika usiku, hewa ikaondolewa kwenye mistari ya mafuta, breki zikajaribiwa, na ndege ikaondoka na abiria siku iliyofuata. Hakuna aliyejeruhiwa, na taarifa ya lazima ya tukio iliwasilishwa kwa KCAA.

Katika karakana, rangi ya kupenya ilionyesha kwenye breki namba 3 ufa wa milimita 9 uliotoka kwenye chumba cha pistoni hadi njia ya mafuta, mahali hasa palipotajwa na agizo. Breki namba 1 haikuwa na ufa. Ghalani, kati ya breki mbili zilizobaki kwenye rafu, zote mbili zilikuwa katika orodha. Moja ilikuwa imekwisha kuandaliwa kwa ajili ya ndege nyingine wiki hiyo hiyo.

Uchambuzi: agizo lilifuata ndege, breki ikafuata njia yake

Kosa kubwa la kisa hiki ni la namna ya kufikiri, na ndiyo maana halikuonekana na watu wengi waangalifu waliotia sahihi. Kampuni iliuliza: je, ndege hii imetekeleza? Agizo liliuliza: je, breki hii imekaguliwa? Siku ya kwanza maswali hayo mawili yana jibu moja. Mara breki ya kwanza inapobadilishwa, majibu yanaachana, na jedwali linaloandika “imetekeleza” mbele ya namba ya usajili wa ndege linaanza kusema uongo bila mtu yeyote kuligusa.

Ndege ya abiria haifanani na nyumba ambayo matofali yake hukaa mahali pamoja. Breki hutolewa, hupelekwa karakana, hufanyiwa ukarabati, hurudi rafuni, hufungwa kwenye ndege ya pili, kisha ya tatu. Mara nyingine huazimwa na kampuni jirani usiku wa manane. Historia yake imeandikwa kwenye namba yake ya mfululizo na si kwenye mkia wa ndege. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, hawahitaji kuelezwa jambo hili: ubao uliotolewa kwenye chombo kikuukuu hugongwa na kusikilizwa upya kabla ya kupigiliwa kwenye chombo kingine, hata kama mwenye chombo cha kwanza aliapa kwamba hakikuwahi kuvuja.

Wakati wa mapitio palitolewa hoja ambayo nataka kuijibu kwa kirefu, kwa sababu nimeisikia mahali pengine pia. Ilisemwa kwamba breki namba 3 ilikuwa imetumika kwa kutua mara 140 tu tangu ifungwe, kwa hiyo ilikuwa bado ndani ya zile 600 za aya ya kwanza, na kosa ni la kimaandishi tu. Hoja hii inageuza maana ya agizo. Zile 600 ni muhula uliotolewa kwa breki zilizokuwa zikifanya kazi siku agizo lilipoanza, ili ndege zisizuiliwe zote kwa mara moja duniani kote. Mamlaka imepima hatari na kukubali kuivumilia kwa muda mfupi. Breki iliyo kwenye rafu haihitaji muhula. Imekwisha kufunguliwa, iko mkononi, ukaguzi wake ni kazi ya saa chache, na hakuna safari itakayovunjika. Ndiyo sababu aya ya nne haitaji idadi yoyote ya kutua. Zaidi ya hapo, breki hiyo ilikuwa na maisha kabla ya kufika rafuni. Uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwake kwa kubebeshwa mzigo tena na tena, haufutwi na ukarabati unaobadilisha sahani na mipira ya kuziba lakini unaurudisha mwili ule ule.

Cheti cha kipuri nacho kieleweke kwa mipaka yake. Kinathibitisha hali ya kipuri siku kilipotiwa sahihi. Hakijui agizo lililotolewa mwezi uliofuata, na mtunza ghala anayekisoma leo anasoma habari za jana. Vyeti vyote vitatu vya ghala hilo vilikuwa vya kweli kabisa, na hilo ndilo lililomfanya fundi wa zamu asiwe na shaka.

Uchambuzi: saa za kuruka na mara za kutua

Kosa la pili linaonekana dogo, lakini kwa kampuni za pwani ni la kutazamwa kwa makini kuliko kwa kampuni za safari ndefu. Breki haichoki kwa sababu ndege imekaa angani. Hubanwa ndege inapotua na inapotembea ardhini, na mwili wake hupokea shinikizo la mafuta kila inapobanwa. Kwa hiyo agizo la breki hupimwa kwa kutua. Mpangaji aliyeandika 600 kwenye safu ya saa alikuwa, bila kujua, amechukulia kwamba kila safari ni ya saa moja.

Kwa ndege inayotoka Nairobi kwenda Lamu na kurudi moja kwa moja, hesabu hiyo isingepotoka sana, na kama ingepotoka ingekuwa upande wa tahadhari. Ndege hii ilipitia Malindi, na kipande cha Manda hadi Malindi ni cha dakika chache tu angani. Siku nyingine iliongezewa safari fupi za pwani pekee. Wastani wake ulikuwa dakika 50 kwa kila kutua. Saa 600 kwa wastani huo ni kutua mara 720. Yaani jedwali lingeiachia breki ipitishe kikomo kwa mara 120 kabla ya kutoa onyo la kwanza, na lingefanya hivyo kila mzunguko. Kadiri vipande vya safari vinavyokuwa vifupi, ndivyo jedwali linavyozidi kusema kwamba hali ni salama, na hizo ndizo ndege zinazozitesa breki zake zaidi na kutua kwenye njia fupi zaidi.

Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa na idadi sahihi ya kutua muda wote. Marubani waliiandika kila safari. Ilikuwa kwenye daftari jingine, na hakuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyaweka madaftari hayo mawili pamoja.

Uchambuzi: yaliyofaa

Mpakiaji wa mizigo hakuwa na wajibu wowote wa kiufundi. Alisema kwa sababu hapo awali, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwahi kusema jambo na akasikilizwa. Fundi alimwita Ami na kumshukuru, na alimpa jukumu la kulinda eneo hadi atakaporudi. Sioni kwamba hayo ni adabu tupu, kwa kuwa mtu aliyepuuzwa mara moja hatasema mara ya pili.

Kepteni aliondoa shinikizo la muda juu ya fundi kwa sentensi chache, na hakusubiri kuombwa. Naye fundi alifanya mambo mawili ambayo utaratibu haukumlazimisha: aliitafuta namba katika orodha badala ya kuiandika tu kwenye fomu, na alivisoma vibao vya magurudumu yasiyovuja. Nimeulizwa na wanafunzi kama ilikuwa bahati. Fomu ya kuziba breki iliwekewa nafasi ya namba ya mfululizo na mtu aliyejua kwamba siku moja namba hiyo itahitajika, na kijana huyo alifundishwa na mwalimu ambaye hakukubali kazi iliyokaguliwa upande mmoja wa ndege. Sehemu ya bahati ni kwamba mafuta yalianza kutoka Manda mchana, ndege ikiwa imesimama, badala ya kwenye breki iliyobanwa kwa nguvu zote mwishoni mwa njia ya Malindi.

Kituo cha uendeshaji hakikumwagiza mtu kuvunja sheria, na sikubaliani na waliotaka kukilaumu. Kilipendekeza njia iliyokuwa halali kwa habari iliyokuwapo, na kiliacha kuipendekeza habari ilipobadilika.

Marekebisho yaliyofanywa

Jedwali la maagizo sasa linafungwa kwa namba ya mfululizo ya kila kipuri kinachohamishika, na neno “imetekeleza” haliandikwi tena mbele ya ndege kwa agizo la breki, gurudumu au pangaboi. Agizo jipya likiingia, nakala ya kwanza hupelekwa ghalani siku hiyo hiyo, na kipuri kilichotajwa hufungiwa kitambulisho chekundu hadi kikaguliwe. Fundi wa zamu haruhusiwi kukiondoa kitambulisho hicho peke yake. Safu za saa na za kutua zimetenganishwa, na kadi ya kazi haikubaliki ikiwa kipimo chake hakikunakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye agizo.

Lililochukua muda zaidi lilikuwa breki za kuazima. Kampuni za pwani huazimana vipuri kwa haraka, na kwa haki, maana ndege iliyokwama kisiwani haina karakana ya kukimbilia. Makubaliano ya kuazimana yaliandikwa upya ili kila kipuri kije na orodha ya maagizo yake ya sasa pamoja na cheti, na anayeazima aithibitishe upya kabla ya kukifunga. Wakopeshaji wawili walisita mwanzoni kwa kuona kwamba neno lao limetiliwa shaka, wakakubali walipoonyeshwa breki yenye ufa. Miili yote ya breki iliyoorodheshwa, ya ndege na ya rafu, ilibadilishwa kwa iliyoboreshwa kabla ya ile miezi 24 kwisha, na breki namba 3 imehifadhiwa karakanani, ikiwa imekatwa katikati ili ufa uonekane, kwa ajili ya mafunzo ya mafundi wapya.